Sampuli za St. Gallen na Watoto Waliotunga Uzi

Mwaka 2028 itatimia miaka 200 tangu Josué Heilmann wa Mulhouse, katika eneo la Alsace, alipobuni mashine ya kutarizi. Maadhimisho yakifika, jina lake litatajwa kwa heshima, na baada yake yatafuata majina ya wafanyabiashara wa St. Gallen, mji wa mashariki mwa Uswisi uliotajirika kwa mashine hiyo. Wanastahili sifa hizo. Ila wapo wengine ambao bila mikono yao hakuna sindano hata moja ambayo ingedunga kitambaa, nao hawamo katika orodha hiyo.

Atakayeifuatilia habari hii hukutana mapema na kitabu cha Ernest Iklé kilichochapishwa Paris mwaka 1931, kinachosimulia taraza ya mashine tangu 1828 hadi 1930. Iklé ni jina la ukoo wa wafanyabiashara wa taraza wa St. Gallen, na historia iliyoandikwa kutoka ofisini kwa mwuzaji huwa na macho ya mwuzaji. Chanzo cha pili ni vitabu vya sampuli vilivyohifadhiwa katika Makumbusho ya Nguo ya mji huo, yaliyoanzishwa mwaka 1878: majalada makubwa yaliyobandikwa vipande vya taraza, ukurasa baada ya ukurasa. Vipande hivyo vinaeleza mengi ambayo wenye mali hawakujali kuyaandika.

Mashine ya Heilmann haikufanana na cherehani. Mtarizi alikaa pembeni, mbele ya mchoro uliokuzwa mara sita. Mkono wa kushoto ulifuatisha mchoro kwa ncha ya pantografu, mkono wa kulia ukazungusha mpini, na miguu ikakanyaga pedeli za kufungua na kufunga koleo zilizoshika sindano. Kila alipohamisha ncha ile, fremu iliyobeba kitambaa ilisogea kwa sudusi ya umbali huo, kisha sindano zote zikadunga kwa pamoja. Kila sindano ilikuwa na ncha mbili na tundu katikati, ili ipite na kurudi bila kugeuzwa. Mashine ya kawaida ya baadaye ilikuwa na sindano zaidi ya 300. Ua moja lililochorwa kwenye karatasi likazaa maua mamia kwenye kitambaa.

Kwa maneno ni rahisi. Franz Mange, mfanyabiashara wa St. Gallen, alichukua mashine mbili za Heilmann mwaka 1829, na kwa miaka mingi majaribio hayakumpa faida. Kazi ilitoka ikiwa mbovu kuliko ya wanawake waliotarizi kwa mkono vijijini. Mashine zikaangukia mikononi mwa ukoo wa Rittmeyer, waliokuwa wameoana na ukoo wake, na ni Franz Rittmeyer, akishirikiana na fundi Anton Vogler, aliyezirekebisha hadi zikaaminika katikati ya karne ya 19.

Marekebisho ya chuma pekee hayakutosha. Ilibidi igunduliwe mashine hii inafaa kutarizi nini hasa. Jibu lilipatikana katika vipande vyembamba: mikanda ya pamba nyeupe ya kupamba pindo la shati la ndani, mto au gauni la mtoto, ambamo pambo dogo hujirudia tena na tena. Kujirudia ndiko ambako mashine ilikufanya vizuri kuliko mkono wowote. Bidhaa hiyo ilipitia bandari ya Hamburg kwenda Marekani, na wanunuzi wa huko wakaiita kwa jina la Hamburg, wala si St. Gallen.

Sasa turudi kwenye zile sindano. Kila moja ilibeba uzi mfupi, na uzi ulipokwisha mashine ilisimama mpaka matundu yote yatungwe upya. Mtarizi hakuweza kufanya kazi hiyo na bado akajaza oda yake. Ilifanywa na wanawake, na zaidi ilifanywa na watoto, kwa kuwa macho yao ni makali na vidole vyao ni vyembamba. Mwaka 1877 Uswisi ilipitisha sheria ya viwanda iliyokataza kuajiri watoto walio chini ya miaka 14 na kuweka ukomo wa saa 11 za kazi kwa siku. Ilikuwa sheria njema, ila ilihusu viwanda. Haikuingia nyumbani.

Basi mashine zikahamia nyumbani. Mkulima alijenga chumba pembeni mwa nyumba yake, akanunua mashine kwa mkopo, akaitwa mtarizi wa kujitegemea. Mkewe akawa msaidizi. Watoto walitunga uzi kabla ya kwenda shule, wakatunga tena waliporudi, na msimu wa oda nyingi waliendelea hadi usiku mkubwa, taa ikiwa imesogezwa karibu na macho. Walimu na madaktari walilalamika juu ya watoto wanaosinzia darasani na macho yanayoharibika. Mfanyabiashara mjini hakuwa na kosa mbele ya sheria, kwani hakumwajiri mtoto yeyote. Alichofanya ni kumpa baba mchoro, kitambaa na uzi, kisha kumkata malipo kila kosa lilipoonekana kwenye kazi. Baadaye ilitengenezwa mashine ya kutunga uzi kwenye sindano, na mzigo huo ukapungua. Hakuna kipande katika vitabu vya sampuli kinachoonyesha nani aliyetunga uzi wake. Kuna namba ya mchoro tu.

Isaak Gröbli wa Oberuzwil alitafuta njia nyingine. Mwaka 1863 alichukua wazo la cherehani: uzi mmoja mrefu mbele usiokatika ovyo, na wa pili nyuma ukibebwa na kifaa chenye umbo la mashua ndogo. Mwanawe Arnold akaongeza mashine ya kujiendesha mwaka 1898, iliyosoma mchoro kutoka kwenye karatasi iliyotobolewa.

Jaribio la kustaajabisha kuliko yote lilikuja katika miaka ya 1880. Watarizi walitarizi kwa uzi wa pamba juu ya hariri, kisha wakatumbukiza kitambaa chote katika dawa kali. Hariri ikayeyuka, pamba ikabaki, na kilichotoka ni lesi isiyo na kitambaa nyuma yake, yenye sura ya ile iliyowachukua wanawake wa Venice miezi kuimaliza kwa sindano. St. Gallen humtaja Charles Wetter-Rüesch na mwaka 1883. Plauen, mji wa Saxony nchini Ujerumani, una madai yake, nao ndio ulioondoka na tuzo kuu katika Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1900. Aliyewahi kushona gauni la harusi kwa lesi nzito yenye matundu amegusa matokeo ya jaribio hilo.

Ili lesi ya mashine iige ya mkono, wachoraji walihitaji za zamani za kutazama. Leopold Iklé alikusanya taraza na lesi za karne nyingi, na mkusanyiko wake ukaingia katika makumbusho ya mji. Shule ya uchoraji iliyokuwa chini ya taasisi hiyo ilimfundisha Sophie Taeuber kati ya 1908 na 1910. Yeye, kama Sophie Taeuber-Arp, akaja kuwa miongoni mwa wasanii wakubwa wa karne iliyopita, na sura yake ikachapishwa kwenye noti ya faranga 50.

Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, taraza iliongoza bidhaa zote ambazo Uswisi iliuza nje. Vita ikaja, mtindo wa mavazi ukabadilika, mashine nyingi zikauzwa kama vyuma chakavu. Viwanda vichache vilibaki, na mwaka 2009 Michelle Obama alivaa lesi ya Forster Rohner ya St. Gallen siku mumewe alipoapishwa.

Afrika nayo ina sehemu yake, na haisimuliwi vya kutosha. Ng'ambo ya mto Rhine, katika mji wa Lustenau nchini Austria, watarizi walianza kuiuzia Nigeria miaka ya 1960. Wanunuzi wa Nigeria hawakupokea chochote walichopewa. Walisafiri hadi Lustenau, wakapekua sampuli, wakataka rangi kali zaidi, matundu makubwa zaidi, uzi unaong'aa, na michoro ikafanywa upya mpaka ikawaridhisha. Serikali ya Nigeria ilipopiga marufuku uingizaji wa lesi katika miaka ya 1970, nguo hiyo iliendelea kuvaliwa kwenye sherehe. Historia ya biashara hiyo iliandaliwa kuwa maonyesho na makumbusho ya Vienna pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Lagos, yakafunguliwa Vienna mwaka 2010, na humo wafanyabiashara wa Nigeria walitajwa kama washiriki wa ubunifu wenyewe. Waandalizi wa maadhimisho ya 2028 wana mfano wa kufuata, na wanaweza kuwatafuta wajukuu wa watoto wale waliotunga uzi.