Uhakiki rasmi wa programu za vyombo vya angani

Uhakiki rasmi wa programu za vyombo vya angani ni matumizi ya hisabati na mantiki ili kuthibitisha kwamba programu za kompyuta zinazoongoza roketi na setilaiti hazina makosa ya aina fulani. Jaribio la kawaida huonyesha tu mwenendo wa programu katika hali zilizojaribiwa. Uthibitisho huhusu hali zote zinazowezekana. Tofauti hiyo ni muhimu kwa sababu chombo kikisharushwa ni vigumu sana kukitengeneza.

Njia

Katika ukaguzi wa modeli, kompyuta hupitia kila hali ambayo modeli ya programu inaweza kuifikia. Njia nyingine hukadiria thamani zote ambazo namba za programu zinaweza kuwa nazo. Ilianzishwa miaka ya 1970 na Patrick Cousot na Radhia Cousot, mzaliwa wa Tunisia.

Historia

Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliharibika ikiwa katika safari yake ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, takriban sekunde 40 baada ya kuanza kuruka. Programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4 ilijaribu kuweka namba kubwa mno katika nafasi ya biti 16, ambayo haipokei zaidi ya 32,767. Kompyuta ya akiba nayo ilishindwa, kwa kuwa ilitumia programu ileile. Setilaiti 4 zilipotea.

Mwaka 1997 wataalamu wa NASA walikagua sehemu ya programu ya chombo Deep Space 1 kwa kutumia kikaguzi SPIN, wakagundua makosa 5. Mnamo Mei 1999, chombo kikiwa safarini, sehemu mbili za programu zilikwama zikingojana. Kosa hilo lilifanana na mojawapo ya yale yaliyogunduliwa, ila lilikuwa katika sehemu ambayo haikukaguliwa. Hivyo uthibitisho hulinda kile tu kilichothibitishwa.

Afrika ya Mashariki

Wakazi wa kanda hii pia hutegemea vyombo vya angani. Kenya ilirusha setilaiti yake Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023, kwa roketi iliyoondokea California, Marekani. Mwaka huohuo watafiti walichapisha njia ya kuhesabu nyumbu na pundamilia wa Serengeti na Maasai Mara kwa picha za setilaiti.