Shujaa Asiye na Jina: Mwanamke Mpiganaji katika Tamthilia ya Kenya

Wahakiki wa fasihi ya Kenya wamezoea kuuliza iwapo mhusika wa kike anatenda au anatendwa. Swali hilo halitoshi. Katika Mzalendo Kimathi (1978), tafsiri ya tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo iliyochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1976, mwanamke ndiye mtendaji mkuu. Wakati Kimathi yumo kizimbani, yeye anapenya vizuizi vya askari, anasafirisha bunduki iliyofichwa ndani ya mkate, na kuwafunza vijana wawili maana ya mapambano. Hata hivyo, mhusika huyu hana jina. Anaitwa Mwanamke, basi.

Yamkini watunzi walikusudia kumtukuza: asiye na jina huwawakilisha wote. Lakini historia yenyewe ilikuwa na majina. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwaapisha Wagiriama wapinge kodi na kazi ya shuruti. Akakamatwa, akahamishiwa magharibi mwa nchi, akatoroka mwaka 1914 na kurejea kwao. Muthoni wa Kirima, aliyefariki mwaka 2023, alibaki msituni hadi Uhuru wa 1963, akiwa na cheo cha Fildi Mashali. Wanawake hawa walikuwa na ukoo, umri na madai kwa taifa. Ishara haina madai. Haiwezi kudai shamba wala malipo ya uzeeni.

Katika Kilio cha Haki (1981), Alamin Mazrui anapiga hatua tofauti. Lanina, kiongozi wa wafanyakazi wa shambani, ana jina, na kwa hiyo ana ndoa na jamaa. Papo hapo anakabiliwa na mashtaka mawili: la mwenye shamba, kwamba anachochea wafanyakazi, na la jamii, kwamba amevuka mipaka ya mke. Kimathi wa jukwaani hashtakiwi kwa kuitelekeza nyumba yake.

Kwa hiyo, tamthilia hizi mbili zinaonyesha gharama mbili za ushujaa wa kike. Mwanamke anasalimika na lawama za nyumbani kwa kunyimwa nafsi. Lanina anapewa nafsi, kisha analipishwa kwayo. Uhakiki unaohesabu silaha mikononi mwa wahusika wa kike hauwezi kuliona jambo hili. Unahitaji pia kuuliza shujaa huyo anaitwa nani, na anarudi kwa nani vita vikiisha.