Ghala, Hifadhi na Kihenge: Maneno ya Kuweka Vitu, kutoka Njia ya Misafara hadi Muziki wa Nyumbani

Makala haya yametokana na swali lililoulizwa Igalula, kituo cha Reli ya Kati kilicho mashariki ya Tabora, katika Wilaya ya Uyui. Mwalimu mmoja mstaafu wa huko aliniuliza, "Ndugu, neno hifadhi maana yake ni nini?" Nilidhani anafanya mzaha, kwani yeye mwenyewe amefundisha Kiswahili zaidi ya miaka thelathini. Kumbe hakuwa na mzaha hata kidogo.

Mwalimu huyo alikuwa na kanda za kaseti zipatazo mia mbili. Nyingi zilikuwa za Tabora Jazz na bendi nyingine alizozinasa redioni. Nyingine zilikuwa za ngoma za harusi. Na moja, ya mwaka 1978, ilikuwa na sauti ya babu yake, aliyekuwa mpagazi katika Vita Kuu ya Kwanza, akiimba nyimbo za njiani. Mjukuu wake alizihamishia zote katika kompyuta. Kisha zikawekwa katika chombo kidogo chenye diski mbili, kilichounganishwa na mtandao wa nyumbani ili kila mwenye simu mle ndani aweze kusikiliza. Aliyemwuzia chombo hicho alimwambia kwamba nyimbo zake sasa "zimehifadhiwa", na maelezo ya Kiswahili yaliyotokea kwenye kioo yalisema vivyo hivyo. Mwalimu akazigawa kanda zake kwa jamaa. Mvua zilizofuata, radi ilipiga nguzo ya umeme iliyo jirani, na diski zote mbili zikaungua kwa pamoja.

Naona kosa kubwa hapa ni la neno, wala si la Mwalimu. Yafaa basi tuangalie neno hilo limetoka wapi, na tulikuwa na maneno gani mengine kabla yake.

Nchi ya Igalula imo katika njia ya zamani ya misafara. Aliyetoka pwani alivuka Ugogo, akaupita mwitu wa Mgunda Mkali, akafika Tura na Rubuga, na hatimaye Unyanyembe, ambako njia ziligawanyika kwenda Ujiji, Karagwe na kusini. Kirangozi alitangulia na ngoma yake, wapagazi wakafuata na mizigo ya nguo, shanga na nyaya. Huko Unyanyembe mizigo iliwekwa katika matembe ikisubiri wapagazi wapya, pengine kwa miezi mingi. Hiyo ndiyo kazi ya ghala. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, ambako lahusu mavuno. Kwetu likawa nyumba ya kuwekea mavuno, kisha nyumba ya kuwekea bidhaa yoyote. Mwenziwe ni bohari, ambalo hadi leo twalisikia katika jina la Bohari ya Dawa. Maneno yote mawili yataja mahali. Hayaahidi lolote juu ya usalama wa kilichomo.

Kwamba ghala haliahidi usalama, misafara ilijua vizuri. Mwezi Oktoba 1871 David Livingstone alirudi Ujiji kutoka Manyema akiwa mgonjwa, akitegemea bidhaa zilizotumwa kwake huko. Alikuta yule aliyekabidhiwa amekwisha kuziuza zote. Lakini mizigo yake mingine ilikuwa imekwama Unyanyembe, na kukwama huko ndiko kulikomfaa. Stanley alipomkuta Ujiji mwezi Novemba, wawili hao walirudi pamoja hadi Kwihara, karibu na Tabora, wakafika Februari 1872. Livingstone akapata kilichosalia cha mizigo yake, akaongezewa na vitu alivyoachiwa na Stanley, na mwezi Agosti akaweza kuendelea na safari. Tembe la Kwihara leo ni makumbusho. Jambo la kuangaliwa na mtafsiri ni kwamba mali ya mtu mmoja ilikuwa katika mahali pawili palipo mbali, na msiba wa Ujiji haukufika Kwihara.

Hifadhi ni neno la namna nyingine. Hili nalo ni la Kiarabu, ila asili yake ni ulinzi na kutunza moyoni. Mtoto wa chuoni husemwa amehifadhi Kurani anapoijua kwa moyo, hata kama msahafu haupo mbele yake. Mbuga yenye askari wa kulinda wanyama ni hifadhi. Chombo cha Serikali kinachoweka nafaka kwa ajili ya njaa chaitwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Katika matumizi yote hayo mna mlinzi, au mna akiba. Lilipotakiwa neno la kitendo cha kuandika faili katika diski, watafsiri walichukua "kuhifadhi", na likaenea upesi kwa kuwa ni zuri. Mashine, hata hivyo, imeweka tu. Haikulinda kitu.

Tumshukuru aliyeanzisha maneno ya vyombo vya sauti, maana alikuwa mwangalifu zaidi. "Santuri", "kanda", "kinasa sauti": yote yataja kitu au kazi yake, wala hayazidishi. Vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilivyoanza kutolewa na Baraza katika miaka ya 1970 navyo aghalabu vilifuata njia hiyo.

Historia ya nyimbo za Wanyamwezi yenyewe yatupa mfano mwingine, ingawa yatubidi tutoke Tabora twende hadi Ujerumani, iliyokuwa ikiitawala nchi hii. Mjini Berlin ilianzishwa mwaka 1900 nyumba ya kukusanya sauti za dunia, zilizonaswa katika silinda za nta. Miongoni mwake zilikuwamo sauti za Wanyamwezi, na mwaka 1909 Erich von Hornbostel alichapisha uchambuzi wa nyimbo zao katika jarida la Anthropos. Nta ni dhaifu. Kila inapochezwa hulika. Kwa hiyo mafundi wa Berlin walitengeneza kutoka kwenye silinda kalibu ya shaba, na ingawa kazi hiyo iliiharibu nta ya asili, kalibu iliweza kutoa nakala nyingi. Baada ya Vita Kuu ya Pili sehemu kubwa ya mkusanyo huo ilipelekwa Leningrad, ikarudishwa Berlin ya Mashariki, na mwaka 1991 ikafika tena kwenye makumbusho ya Dahlem. Mkusanyo ulihama na kurudi, na kalibu za shaba bado zilifaa kutoa sauti.

Sasa turudi kwenye chombo cha Mwalimu. Watu wengi wanaochagua chombo kama hicho huanza na ukubwa, na wauzaji huwaendeleza huko huko. Hesabu yaonyesha vingine. Muziki uliowekwa kwa kiwango cha sahani za sauti zilizotoka mwaka 1982, yaani vipimo 44,100 kwa sekunde, biti 16 kwa kila kimoja, katika njia mbili, huchukua kama megabaiti 10 na nusu kwa dakika. Kanda mia mbili za saa moja moja hazifiki gigabaiti 130. Diski ndogo ya terabaiti moja yatosha mara saba, na mtindo wa kubana usiopoteza sauti huweza kupunguza mzigo huo karibu nusu. Basi fedha ya kununulia diski kubwa zaidi ingefaa kununulia diski ya pili ya kawaida, isiyounganishwa na umeme wala mtandao, ikawekwa nyumba nyingine.

Lakini je, chombo hakikuwa na diski mbili tayari? Kilikuwa nazo, na hapo ndipo istilahi zetu zinapotuangusha. Diski hizo mbili huandikwa kitu kile kile kwa wakati ule ule. Moja ikifa kwa uzee, ya pili huendelea. Mtoto akifuta wimbo kwa bahati mbaya, hufutika katika zote mbili mara moja. Na radi, moto au mwizi havichagui. Neno "nakala rudufu", linalotumiwa sana kwa nakala ya tahadhari, lasema tu kwamba kitu kimekuwa viwili. Kwa maana hiyo diski hizo nazo ni rudufu, na Mwalimu alikuwa na haki ya kutulia. "Chelezo", ambalo baadhi ya watafsiri wamelitumia, ni neno la mabaharia, na Igalula hakuna bahari.

Napendekeza diski za namna hiyo ziitwe "diski pacha". Ile iliyotengwa iitwe "nakala ya akiba", maana akiba, kila Mswahili ajua, haikai pamoja na matumizi. Chombo chenyewe sioni vibaya kiitwe "ghala la mtandao" maofisini. Kwa nyumbani ningependa "kihenge". Wenzetu wa pwani watasema ni neno la bara. Ni kweli, lakini maghala makubwa ya nafaka ya Serikali yaitwa vihenge vya kisasa, na neno hilo limeandikwa katika magazeti ya nchi nzima bila malalamiko. Kihenge ni cha kaya, husimama uani, na wote wa nyumba hula humo. Aidha mkulima hategemei kihenge peke yake kwa mwaka ujao: mahindi ya mbegu huyatundika juu ya meko, katika moshi. Na "kuhifadhi" tulirudishie kazi yake, tulitumie pale tu ambapo nakala ya akiba ipo. Kwa kitendo cha kawaida cha kuandika faili, "kuweka" latosha.

Mwalimu ameanza kuzifuata kanda alizozigawa. Hadi nilipoagana naye, kumi na saba zilikuwa zimerudi, tatu kati yake zikitoka Goweko, na mbili zilikuwa zimenaswa mahubiri juu ya muziki. Ile ya mwaka 1978 hakumbuki alimpa nani.