Jinsi Krismasi Ilivyokuwa Sikukuu ya Watoto



Kila ufikapo mwisho wa mwaka twasikia neno lile lile likisemwa vijijini mwetu: "Mwaka huu hatuna kitu, sikukuu itatupita." Baba hulisema akiitazama mikono yake mitupu, mama hulisema akiwahesabu watoto wasio na nguo mpya, na watoto wenyewe, ambao hawakuulizwa lo lote, hunyamaza. Sisi tulio waalimu twalijua neno hili, maana mwezi wa Januari, shule zinapofunguliwa, twaliona katika nyuso za watoto.

Kwa hiyo tumeona vema kueleza habari za zamani za sikukuu hii, ili ijulikane ilipata wapi nguvu yake, na ni nani walioilinda ilipokuwa karibu kufa. Wengi hudhani kwamba Krismasi tangu mwanzo ilikuwa sikukuu ya watoto, yenye zawadi na taa na vyakula vitamu. Sivyo. Ilifanywa kuwa hivyo kidogo kidogo kwa muda wa karne nyingi, na katika walioifanya walikuwamo watu wa nyumbani, mapadre wa vijiji na waalimu wa shule.

Habari ya kale kabisa ya kuadhimishwa tarehe 25 Desemba yatoka katika mji wa Rumi, mwaka 336. Tangu hapo sikukuu ilienea, lakini ilikuwa zaidi ya kanisani na ya watu wazima. Katika nchi za Ulaya ya magharibi ibada ilisomwa kwa Kilatini, lugha ambayo mkulima hakuielewa. Na baada ya ibada palikuwa na karamu za wakubwa.

Mtu mmoja aliyeusogeza mlango wa sikukuu ukawa wazi kwa wadogo ni Fransisko wa Asizi. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio kilichoko milimani katika nchi ya Italia, aliagiza hori litengenezwe, iletwe nyasi kavu, na ng'ombe na punda wasimamishwe karibu yake. Usiku ule watu wa kijiji walikuja na mienge na mishumaa, na misa ikasomwa pale penye hori. Hapakuwa na dhahabu, wala kitu cha bei kubwa. Vitu vyote vilikuwa vya zizini. Lakini mtu asiyejua kusoma aliona kwa macho yake yale aliyokuwa akiyasikia kwa masikio tu, na hata mtoto mdogo angeweza kufahamu kwamba Bwana alizaliwa mahali kama pale wanapolala wanyama wa baba yake.

Tupite sasa miaka 400, tuje Uingereza. Huko, katika karne ya 17, watu walioitwa Wapuritani walikuwa na nguvu katika Bunge, nao waliichukia sikukuu hii. Wasema Maandiko hayakuitaja tarehe ya kuzaliwa kwa Bwana. Wasema tena kwamba watu huitumia siku hiyo kwa ulevi na kamari. Tusiwaonee, hayo mawili yalikuwa kweli. Mwaka 1644 siku ya 25 Desemba iliangukia Jumatano ya mwisho wa mwezi, iliyokuwa siku ya kufunga kwa amri ya nchi, na Bunge likaamuru watu wafunge, wasifanye karamu. Kisha, Juni 1647, likatoa sheria ya kuondoa kabisa Krismasi, Pasaka na Pentekoste.

Hapa twamwomba msomaji asimame kidogo. Bunge lilitambua ya kuwa watumishi, wanagenzi na wanafunzi watapoteza siku zao za kupumzika. Basi likawapa badala yake Jumanne ya pili ya kila mwezi. Kwa hesabu hazikuwa siku chache: siku 12 kwa mwaka. Lakini Jumanne haina hadithi. Mama hawezi kumwambia mwanawe kwa nini Jumanne ya pili yafaa kungojwa, wala babu hana la kukumbuka juu yake. Sheria yaweza kumpa mtu siku ya kupumzika. Kumpa sikukuu haiwezi.

Hayo yalionekana mwaka ule ule. Katika mji wa Canterbury, tarehe 25 Desemba 1647, mkuu wa mji aliamuru maduka yafunguliwe kama siku nyingine zote. Wachache waliotii walishambuliwa na bidhaa zao zikatupwa njiani. Watu wakatoa mipira wakaicheza barabarani, na milango ikapambwa kwa matawi mabichi. Hatuzisifu ghasia hizo. Twazitaja tu ili ijulikane kwamba jambo lililoingia nyumbani haliondoki kwa kupigiwa tarumbeta.

Walowezi wa Kipuritani waliokuwa Massachusetts, ng'ambo ya bahari katika Marekani, nao walifanya vivyo hivyo. Mwaka 1659 waliweka faini ya shilingi 5 kwa ye yote atakayeonekana akiiadhimisha siku hiyo kwa kuacha kazi au kwa karamu. Sheria hiyo ikafutwa mwaka 1681. Huko Uingereza mfalme Charles II aliporudi mwaka 1660 amri za Bunge lile zilibatilika, na sikukuu ikatoka nje tena. Ilikuwa imekaa wapi miaka ile 13? Ilikaa majumbani, katika mapishi ya akina mama na katika vinywa vya wazee.

Uskoti yatufundisha jambo hili kwa namna nyingine. Kanisa la Matengenezo la huko liliikataa Krismasi kwa nguvu, na siku hiyo haikuwa ya mapumziko ya umma mpaka mwaka 1958. Je, watu wa Uskoti walikaa bila furaha ya nyumbani? La. Waliihamisha ikawa ya Mwaka Mpya, na usiku ule jamaa na jirani wakatembeleana. Nyumba isiporuhusiwa sikukuu moja hujitafutia nyingine.

Walakini waliowaweka watoto katikati ya Krismasi ni watu wa Ujerumani kuliko wengine wote. Huko tangu kale watoto walipewa zawadi siku ya Mtakatifu Nikolao, tarehe 6 Desemba. Baada ya Matengenezo ya Martin Luther, nyumba nyingi zilizomfuata ziliiacha siku ya mtakatifu huyo, zikawapa watoto zawadi wakati wa Krismasi, zikisema kwamba zaletwa na Mtoto Kristo. Na mji wa Strasbourg, ambao zamani hizo ulikuwa katika dola ya Wajerumani, una habari iliyoandikwa mwaka 1605 kwamba watu husimamisha misonobari ndani ya vyumba vyao, wakaitundika mawaridi ya karatasi za rangi, matofaa, mikate myembamba na vitu vitamu. Tazama vitu hivyo: karatasi, matunda, unga. Ni kazi ya mikono, na mikono midogo yaiweza.

Tena, Desemba 1747, katika mahali paitwapo Marienborn, kanisa la Wamoravian lilifanya ibada ya watoto. Askofu wao, Johannes de Watteville, alimpa kila mtoto mshumaa unaowaka, uliofungwa utepe mwekundu, awe na ukumbusho wa upendo wa Kristo. Mtoto hakuambiwa akae kimya atazame taa ya wakubwa. Alikabidhiwa moto mkononi mwake, akauchukua kwenda nao kwao. Hao ndio Wamoravian ambao wajumbe wao walifika kwetu Rungwe mwaka 1891.

Sisi waalimu tuna habari moja tuipendayo kuliko hizo. Usiku wa 24 Desemba 1818, katika kijiji cha Oberndorf karibu na Salzburg, nchi ya Austria, padre msaidizi Joseph Mohr alikuwa na shairi alilolitunga miaka miwili kabla yake. Alimwendea Franz Xaver Gruber, mwalimu wa shule ya Arnsdorf, kijiji cha jirani, akamwomba alitungie sauti ya waimbaji wawili na gitaa. Mwalimu akafanya, na usiku ule ule wakaimba wote wawili kanisani. Ndio wimbo wa usiku mtakatifu ujulikanao leo karibu kila mahali penye Wakristo. Na ni nani walioutembeza duniani? Jamaa mbili za milima ya Tirol: jamaa ya Strasser, waliokuwa watengenezaji na wauzaji wa glavu, wakienda kwenye magulio na watoto wao wakiimba, na jamaa ya Rainer, walioufikisha New York mwaka 1839. Wimbo wa kijiji ulichukuliwa na watu wa nyumba moja waliozoea kuimba pamoja.

Kutoka Ujerumani desturi hizi zilivuka bahari. Charlotte, malkia wa Uingereza, mzaliwa wa Ujerumani, aliwasimamishia watoto mti huko Windsor mwaka 1800. Mwaka 1843 Charles Dickens alitoa kitabu chake cha Krismasi, na mwaka huo huo Henry Cole alitoa kadi ya kwanza ya salamu, yenye picha ya jamaa wakubwa kwa wadogo mezani, na pembeni watu wanaowalisha na kuwavika maskini. Mwaka 1848 gazeti moja la London lilichapisha picha ya Malkia Victoria na mumewe Albert, naye Mjerumani, wakiuzunguka mti pamoja na watoto wao. Nyumba nyingi zikatamani kufanya kama walivyofanya watu wa ikulu. Ndipo wafanya biashara walipoiona njia yao. Vitu vilivyokuwa vikitengenezwa nyumbani vikaanza kuuzwa madukani, na tangu hapo yakazaliwa yale masikitiko ya baba asiye na fedha.

Sasa tuje kwetu. Katika mlima wa Kilimanjaro mapadre wa Roho Mtakatifu na wamisionari wa Leipzig walianza kazi yao kati ya miaka ya 1890 na 1893, nao walikuja na sikukuu hii. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Baadaye watu walizidi na vihamba havikutosha kugawiwa kila mwana. Tena elimu na biashara zikawachukua vijana mbali. Hivyo Krismasi ikapata kazi nyingine: ikawa siku ya kurudi. Hata leo kila Desemba mabasi yaendayo Moshi hujaa, na Wachaga watokao Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hupanda mlimani na watoto wao.

Mtoto aliyezaliwa mjini hufika kwa babu yake akajifunza mambo asiyoyapata kitabuni. Huamkia wazee mmoja mmoja kwa ada. Huonyeshwa makaburi yaliyo migombani, akaambiwa: huyu ni baba wa babu yako, na jina lake ndilo ulilopewa wewe. Huona mbuzi akichinjwa na nyama ikigawiwa, kila mtu sehemu yake ijulikanayo tangu zamani. Na pengine huona jani la sale likishikwa na mtu aliyekosana na ndugu yake, naye akisamehewa, maana aliyeletewa sale hakatai kirahisi. Mtoto aonaye upatanisho wa namna hiyo, je, atasahau sikukuu ilikuwa ya nini?

Lakini hapa pia pana hatari. Wako ndugu wasiopanda mlima kwa kuwa waona haya kurudi mikono mitupu, wakiogopa macho ya jirani. Mwaka hufuata mwaka, wazee hufa, na watoto wao hukua bila kujua njia ya kwao. Hasara hiyo haitokani na umaskini. Yatoka katika kudhani kwamba babu alikuwa akingoja mfuko wa sukari, kumbe alikuwa akimngoja mjukuu.

Basi tukizitazama habari hizi zote twaona jambo moja. Sikukuu haikulindwa na sheria, wala haikuuawa nayo, haikuanzishwa dukani. Imedumu kila mahali ambapo mtoto alipewa sehemu ya kufanya: mshumaa wa kushika, karatasi ya kukata, sauti ya kuimba, mzee wa kuamkia. Mtoto aliyetazama tu hukumbuka alichokula, naye husahau. Bali aliyefanya kazi yake hukumbuka, naye akiwa mzazi huwafanyia wanawe vivyo hivyo. Wahenga wamesema: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Kwa hiyo twawasihi wazazi: mwaka ambao mfuko ni mtupu, msiwaambie watoto kwamba sikukuu imepita. Mmoja na afagie uwanja na kuupamba kwa makuti au matawi. Mwingine apeleke sahani kwa mjane aliye jirani, ijapokuwa ni ya viazi. Mwingine asome habari za Betlehemu jioni, wote wakisikiliza, na baba asiondoke kwenda kwa rafiki zake mpaka asome aishe. Na mama awaeleze jinsi Krismasi ilivyokuwa alipokuwa mdogo yeye. Januari tutakapowauliza watoto shuleni walifanya nini, hatutauliza walivaa nini. Na tunatumaini kwamba kila mmoja atakuwa na neno la kujibu.