Safari ya Filamu za Kiswahili

Yako mambo tunayoyaona mara nyingi hata tukasahau kuyauliza sababu. Filamu zilizotengenezwa Dar es Salaam zilipoanza kutazamwa Kakamega, hapana mtu aliyestaajabu. Watazamaji waliketi, wakacheka palipochekesha, wakanyamaza palipohuzunisha, kisha wakaenda zao. Lakini kati ya miji hii miwili kuna zaidi ya kilomita 900, na katikati yake umelala mpaka wa nchi mbili zenye serikali mbili, sarafu mbili na taratibu mbili za shule. Ni nini kilichozivusha filamu hizo? Ukijibu kuwa ni lugha, nitakuuliza swali la pili: mbona filamu za Kenya hazikuvuka kwenda kusini kwa wingi kama huo, hali lugha ni ile ile?

Msomaji, nataka tulitafute jibu katika historia. Tutaanza ng'ambo, katika nchi zisemazo Kihispania, kwa kuwa huko jambo hili lilijaribiwa mapema na kwa upana mkubwa. Kisha tutarudi nyumbani na kujipima.

Kihispania ni lugha rasmi ya nchi 20 hivi, kuanzia Hispania yenyewe hadi Meksiko, Kuba, Kolombia na Ajentina. Hata Afrika imo, kwa nchi ya Guinea ya Ikweta. Senema ilipoanza kusema, wafanyabiashara wa Marekani walidhani wamepata soko jepesi. Mwaka 1930 kampuni ya Paramount ilikuwa na karakana huko Joinville, karibu na Paris, ambamo hadithi moja ilipigwa picha mara kadhaa, kila mara kwa lugha nyingine. Katika filamu za Kihispania zilizotengenezwa na Wamarekani wakati huo, baba aliweza kusema kama mtu wa Hispania, mama kama mtu wa Meksiko, na mtoto wao kama mtu wa Ajentina. Maneno yalikuwa ya Kihispania, lakini nyumba ile haikuwa ya mahali popote. Watazamaji hawakuridhika, na mtindo ule haukudumu.

Mwaka 1936 Meksiko ilitoa filamu iitwayo Allá en el Rancho Grande, iliyoongozwa na Fernando de Fuentes. Ilikuwa hadithi ya shamba la ng'ombe, farasi, mapenzi na nyimbo, na ilijaa Umeksiko tangu kofia hadi matamshi. Yamkini mtu angetazamia kwamba itapendwa kwao tu. La, ilipendwa katika nchi nyingi za Kihispania, ikafungua njia kwa nyingine. Kisha vita vikuu vya pili vikaisaidia Meksiko: Marekani iliipatia ukanda wa kupigia picha, na ikaubania kwa Ajentina, ambayo haikutaka kuingia vitani upande wake. Hivyo mshindani mkubwa wa Meksiko akadhoofika. Lugha ilifungua mlango, lakini biashara na siasa ndizo zilizoamua nani apite nao.

Katika waigizaji wa zama zile, mmoja anatufaa zaidi katika insha hii. Mario Moreno, aliyejulikana kwa jina la Cantinflas, aliigiza maskini wa mjini, mtu wa suruali inayoteremka na maneno yasiyokwisha. Alisema lugha ya vichochoro vya mji wa Meksiko, akizungusha maneno mpaka wakubwa wakachanganyikiwa. Msemo ule ambao wasomi wangaliweza kuuita uchafu wa lugha ulipendwa nchi kwa nchi. Na mwaka 1992 Chuo cha Kifalme cha Hispania, mlinzi wa usanifu wa lugha hiyo, kiliingiza katika kamusi yake kitenzi kilichotokana na jina lake, chenye maana ya kusema mengi bila ya kusema kitu. Maskini wa kichochoroni aliingia kamusini kwa mlango wa mbele.

Hata hivyo, majivuno ya wenye lugha hayakufa. Filamu ya Roma, ya Alfonso Cuarón wa Meksiko, ilipotolewa mwaka 2018, ilionyeshwa Hispania ikiwa na maandishi ya Kihispania cha Hispania chini ya picha, kana kwamba Wahispania hawawezi kuwaelewa Wameksiko. Cuarón alilalamika kwamba hilo ni tusi, na mapema mwaka 2019 maandishi hayo yakaondolewa.

Sasa turudi kwetu. Kiswahili hakikuja na senema katika nchi ya Kakamega. Kilitangulia, tena kwa miguu. Katika karne ya 19 misafara ya biashara kutoka pwani ilifika kwa Wanga, ikatua katika mji wa Nabongo Mumia, mji ambao leo unaitwa Mumias. Wafanyabiashara walileta nguo na shanga, wakaacha pia lugha yao na dini yao. Kwa hiyo mtu wa Kakamega alipokuja kuisikia filamu ikisema Kiswahili, alisikia sauti iliyokwisha kaa kwa jirani yake miaka mingi.

Filamu zenyewe zilianza kama somo. Kati ya miaka ya 1935 na 1937, jaribio la senema za elimu lilifanyika Vugiri, katika milima ya Usambara nchini Tanganyika, chini ya Meja L. A. Notcutt, kwa fedha za shirika la Carnegie la New York. Filamu 35 zilitengenezwa, kuhusu kilimo, magonjwa, kodi na kuweka akiba, zikazungushwa kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Picha zilikuwa bubu. Maelezo yalitoka katika santuri za gramafoni, kwa Kiswahili na lugha nyingine. Mwafrika alionekana katika picha, lakini aliyeamua la kusemwa alikuwa mwingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilifuata filamu za hadithi za Kiswahili, zilizotengenezwa Tanganyika na kampuni ya Afrika ya Kusini. Miongoni mwazo ni Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi. Nyota wake alikuwa kijana Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Watu walimjua usoni katika kitambaa cha senema kabla ya kumjua katika uongozi.

Baada ya uhuru ndugu hawa wawili, Kenya na Tanzania, walishika njia mbalimbali. Kenya ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1962, na tume ya Profesa Ominde ya mwaka 1964 ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, lakini kuanzia mwaka 1967 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya shule zote za msingi. Aliyetaka kutengeneza filamu Nairobi aghalabu aliandika kwa Kiingereza, akimlenga mtazamaji wa mbali. Vichekesho vya Kiswahili kama Vitimbi na Vioja Mahakamani vilipendwa sana, lakini viliishi katika televisheni, na televisheni ya zama zile haikufika mbali nje ya mipaka. Tanzania ilikuwa na fedha chache na filamu chache, kama Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, lakini ilikuwa ikilea watazamaji waliozoea kufikiri, kuapa, kugombana na kubembelezana kwa Kiswahili.

Ilipokuja kanda ya video, mbegu ile ikaota. Kwanza walitokea wafasiri. Tanzania alikuwako Derek Gaspar Mukandala, aliyeitwa Lufufu, aliyezisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti zake za asili. Kenya alitokea DJ Afro, ambaye sauti yake ilisikika katika vibanda vya video miji mingi. Kisha watu wakatamani hadithi zao wenyewe. Mwaka 2003 ilitoka Dar es Salaam filamu ya Girlfriend, ambayo wengi huihesabu kuwa mwanzo wa wimbi la filamu za Bongo. Mwongozaji wake alikuwa George Otieno Tyson, mzaliwa wa Kenya. Tazama jinsi historia inavyopenda kutucheka: Mkenya alivuka mpaka akasaidia kuanzisha kitu ambacho baadaye Wakenya walikinunua kutoka ng'ambo ya mpaka!

Nyota wa wimbi lile alikuwa Steven Kanumba, aliyezaliwa Shinyanga mwaka 1984. Alishirikiana na Wanijeria katika Dar 2 Lagos ya mwaka 2006, na filamu zake zilijulikana Kenya, Rwanda, Burundi na Kongo ya Mashariki. Alipofariki Aprili 2012, akiwa na miaka 28, maelfu ya watu walifurika katika mazishi yake Dar es Salaam. Filamu zile hazikuwa na fedha nyingi. Zilionyesha sebule, hospitali, mama mkwe, mchumba msaliti na mganga. Lakini mtazamaji wa Kakamega aliijua sebule ile, na mama mkwe yule alikuwa naye nyumbani.

Basi tulijibu swali la pili. Kenya haikukosa vipaji. Nairobi Half Life ya mwaka 2012 ilimfuata kijana wa shamba aliyekwenda Nairobi kutafuta uigizaji, ikasifiwa sana. Lakini Kisheng kilichoipa uhai humpa taabu msikilizaji asiyekijua. Na zaidi ya hayo, sisi wenyewe tuliona haya. Tazama Papa Shirandula, mchezo wa televisheni ulioanza mwaka 2007, ambamo marehemu Charles Bukeko aliigiza mlinzi anayemficha mkewe kazi yake. Jina ni la Kiluhya, na lafudhi ni ya kwetu. Kenya nzima ilimpenda. Lakini jiulize, msomaji: katika michezo yetu, anayesema Kiswahili chenye lafudhi ya Kiluhya hupewa kazi gani? Ni mlinzi, mpishi, au mtumishi wa nyumbani. Daktari na hakimu husema Kiingereza. Mwanafunzi wa Kakamega anayejifunza kwamba sauti ya mama yake ni ya kuchekwa tu, atathubutuje kuandika hadithi ambamo sauti ile inaapa, inahukumu na inaomboleza?

Hapa ndipo Cantinflas na Rancho Grande wanapotufundisha. Waliovuka mipaka hawakuvuka kwa kuificha nyumba yao. Walivuka kwa kuibeba nzima. Wale wa zama za Joinville, waliochanganya sauti bila ya kujali zimetoka wapi, hawakumpata mtazamaji. Wahenga walinena: mcheza kwao hutunzwa. Kanumba alicheza kwao, akatunzwa hata kwa majirani.

Kijana, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na tangu mwaka 2022 Siku ya Kiswahili Duniani huadhimishwa kila tarehe 7 Julai. Hayo ni mema, lakini katiba haiandiki hadithi. Jifunze Kiswahili sanifu kwa bidii, ili Mtanga na Mkongo wakuelewe. Wala usiitupe lafudhi yako njiani, ili wakujue umetoka wapi. Msafara wa kwanza ulikuja Mumias ukiwa umebeba bidhaa za pwani. Misafara haikuwa ikirudi mikono mitupu, wala filamu hazilazimiki kuja upande mmoja tu.