Kimeng'enyaprotini: utupa, viuatilifu na ubongo

Mtu wa pwani akitajiwa utupa, awe Baleni katikati ya Mafia au ng'ambo kwenye delta ya Rufiji, hahitaji kufafanuliwa. Majani yake hupondwa yakatiwa kwenye kidimbwi cha mwambani maji yakiwa yamekupwa. Punde samaki huibuka wakitweta, kisha hugeuka matumbo juu. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza uvuvi wa sumu, na ina haki kukataza, maana utupa hauchagui kichanga wala mzazi. Ninachotaka kueleza ni sumu yenyewe, rotenoni, na istilahi tunayoihitaji ili tuseme inafanya nini ndani ya ubongo.

Istilahi hiyo ni kimeng'enyaprotini. Kumeng'enya ni kuvunja kitu kiwe vipande vidogo, na humo vitabu vyetu vya biolojia vilipata kimeng'enya: protini inayoharakisha badiliko la kikemikali bila yenyewe kumalizika. Shuleni neno hili limefundishwa pamoja na mate na tumbo hata wengi wakadhani kazi yake ni chakula tu. Ubongo haumeng'enyi ugali, lakini una protini zake zinazochakaa au kukunjika vibaya, na hizo lazima zikatwekatwe; kinachozikata ndicho kimeng'enyaprotini. Ningeweza kuandika protiezi. Nachagua kimeng'enyaprotini kwa sababu msomaji huijua kazi yake kabla hajaelezwa.

Mkataji mkubwa ndani ya seli ni protiasomu, yenye umbo la pipa. Protini iliyochakaa hubandikwa kwanza alama iitwayo ubikwitini. Kwa kugundua utaratibu huo Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004. Kuikunjua protini na kuiingiza ndani ya pipa kunahitaji nishati ya ATP, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mitokondria, na mitokondria ndizo rotenoni inazozikaba. ATP ikipungua, protiasomu huzorota, na protini kama alfasinukleini hurundikana, kama ilivyo katika ugonjwa wa Parkinson. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walionesha kuwa panya waliotiwa rotenoni mfululizo kwenye mshipa wa damu walipata dalili zinazofanana na za ugonjwa wa Parkinson. Hao walitiwa moja kwa moja kwenye damu. Samaki wa utupa aliyepikwa ni habari nyingine, kwa kuwa rotenoni hupenya utumbo kwa shida na huharibika kwa moto na jua.

Viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti havina haja ya kupitia kwenye nishati. Vinakibana kimeng'enya chenyewe. Kinachotajwa zaidi ni asetilikolinesterezi, ila hicho huvunja asetilikolini, si protini, kwa hiyo hakiingii katika istilahi yetu. Mwaka huohuo wa 2000 watafiti wa Uingereza walipima ubongo wa panya wakakuta diklovosi, mojawapo ya viuatilifu hivyo, hukishika kimeng'enya kingine, asilipeptidi haidrolezi, kwa wepesi zaidi kuliko inavyokishika asetilikolinesterezi. Hiki ndicho chetu: hukata ncha za vipande vifupi vya protini. Pale kinapokatia pana asidi amino iitwayo serini. Fosfeti ya kiuatilifu hujibandika hapohapo, na kipande kilichokuja kukatwa hukosa pa kushika.

Ndiyo maana siikubali sentensi isemayo "sumu imeua vimeng'enya". Kimeng'enya si kiumbe hai. Huzuiwa, na sumu hiyo ni kizuiaji. Viko vizuiaji vinavyoachia baada ya muda mfupi. Oganofosfeti nyingi huachia polepole mno, au haziachii kabisa mpaka mwili utengeneze kimeng'enya kipya, kazi ya siku na wiki. Mkulima wa Baleni aliyepulizia dawa hizo leo bila glavu wala barakoa, akarudi shambani kesho, dozi ya kesho itamkuta vimeng'enya vyake vya jana bado vimefungwa.