Kurejesha mwendo wa kidole baada ya kushonwa kano

Kurejesha mwendo wa kidole baada ya kushonwa kano ni sehemu ya matibabu ya mkono inayoanza siku chache baada ya upasuaji na kuendelea kwa wiki 12 au zaidi. Misuli mikuu inayokunja vidole imo kwenye kigasha. Kila kidole, isipokuwa gumba, kina kano mbili za kukikunja: moja hufika pingili ya mwisho, nyingine huishia pingili ya kati, na zote hupita ndani ya ala nyembamba iliyoshikamana na mfupa. Kisu, panga au kioo kikizikata zote mbili, kidole hubaki kimenyooka.

Ugumu umo ndani ya ala hiyo. Kano hupona kwa kovu, na kovu lile lile linalounga ncha zilizokatika huweza kuinatisha kano kwenye ala, kidole kikakakamaa. Ndiyo maana daktari Sterling Bunnell wa Marekani alishauri kidonda cha eneo hilo kifungwe tu, kisha kano ipandikizwe baadaye. Mwaka 1967 Harold Kleinert na wenzake wa Louisville walitetea kushona mapema: mgonjwa hunyoosha kidole mwenyewe, na mpira uliofungwa kwenye ukucha hukirudisha. Mwaka 1975 madaktari Duran na Houser walieleza njia ya kukikunja kwa mkono mwingine. Kwao, kano kuteleza milimita 3 hadi 5 kulitosha kuzuia isinate. Mwaka 1989 madaktari wa Belfast walichapisha matokeo ya wagonjwa waliokunja vidole kwa nguvu zao wenyewe tangu siku za mwanzo. Siku hizi njia hiyo huhitaji mshono imara, kwa kawaida wenye nyuzi nne au zaidi zinazovuka mkato.

Mazoezi hufanywa mkono ukiwa ndani ya banzi linalokaa upande wa nyuma wa mkono na kuzuia vidole visinyooke kupita kiasi. Kwa kawaida huvaliwa wiki 6 hivi, usiku na mchana. Watoto wadogo, wasioweza kufuata maelekezo, mara nyingi hufungwa plasta kwa wiki 3 au 4.

Kipindi cha hadhari kubwa ni pale maumivu yanapoisha. Kidonda kimefunga, mgonjwa anajiona mzima, naye ananyanyua ndoo ya maji wiki ya nne, mshono unakatika. Hapo alaumiwe kwanza aliyemruhusu kwenda nyumbani bila kumweleza kwamba ngozi hupona mapema kuliko kano. Kidole kilichokuwa kikikunjika kikiacha ghafla, arudi hospitali mara moja. Kazi nzito husubiri wiki 12 hivi.

Kidole kikibaki kigumu licha ya mazoezi ya miezi kadhaa, daktari huweza kuibandua kano kutoka kwenye makovu. Upasuaji huo kwa kawaida haufanywi kabla ya miezi 3, na wengi hungoja 6. Mazoezi huanza upya siku hiyo hiyo au kesho yake.